Sijasema Kitu

Mimi husafisha mabomba ya hewa.
Hamilton, Ontario, mwaka wa kumi na tatu sasa:
shule, benki, kliniki ya meno ya Mtaa wa Barton.
Kwa hiyo msiniambie mtu hupita mle kwa tumbo
akiwa na suti.

Salha kanikataza kusema.
"Baba, leo Ijumaa. Leo tunatazama tu."
Zuwena kaweka bisi mezani, kazima taa.
Nje theluji imelifukia gari la jirani hadi vioo,
nami nimeufunga mdomo kama gunia la karafuu.

Dakika ya ishirini, shujaa huyo, kaingia.
Kasukuma kifuniko kwa kiganja.
Kiganja!
Skrubu nane, kutu imezilewesha,
mimi na mashine yangu ya umeme tukifika ya saba huomba dua.
Na mle ndani mweupe, mpana kama ukumbi wa harusi,
mwanga unatoka wapi hapana anayeuliza.
Wallahi bati lile lingebeba paka,
paka mmoja,
na awe amefunga.
Ncha za skrubu zote zimeelekea ndani,
shati lingebaki huko, na ngozi iliyo chini yake.
Na kishindo je? Gonga kwa ukucha ghorofa ya kwanza,
mhasibu wa ghorofa ya tisa atainua kichwa.
Nimetoa mle nywele za watu waliokwisha kustaafu,
jino la bandia, popo mkavu kama jani la chai.
Yeye katokea upande wa pili
kola nyeupe pe.

"Baba."
Sijasema kitu.
"Umeguna."

Haya, nimeguna.
Gari linamngoja mlangoni, pale pale mlangoni,
katika mji ambao mimi huzunguka mara nne
nikitafuta pa kuegesha, koleo la theluji mkononi.
Mwenzake anapunga kikombe cha kahawa
kikombe kitupu, kinapepea kama kipepeo.
Simu inalia. "Saa mbili. Darajani." Kakata!
Hapana salamu, hapana "haya basi",
hapana "nisalimie wa huko wote".
Sisi kuagana peke yake hula vocha nzima,
tunaagana, tunakumbuka jambo, tunaanza upya.

Kisha uwanja wa ndege.
Anakimbia. Kairuka kamba, viatu miguuni, mkanda kiunoni,
tiketi hana, walinzi wamegeuka kutazama sijui nini,
na mwanamke yupo bado mlangoni mwa ndege,
na ndege, na marubani wake, na abiria mia mbili,
wote wamesubiri.
Mwanamke kageuka.

Salha kanitazama.
Zuwena kaishika bisi moja hewani, hajaitia kinywani.
Wananingoja nianze.

Februari ile Vuai, ndugu yangu wa tumbo moja,
karatasi zake zimekataliwa mara ya tatu,
kapewa tarehe ya kuondoka.
Nilitoka kazini na vumbi kwenye nyusi,
barabara kuu imefungwa, lori limelala ubavu.
Nilifika.
Kamba ya pale ni ya kitambaa, ya bluu,
inagusa kiuno tu. Mtoto angeiruka.
Mlinzi kaniambia kwa adabu, hapa ndio mwisho.
Nami nikasimama hapo mwisho
na koti lake alilolisahau kwangu,
nikikitazama kisogo chake, kofia ya sufu ya kijani,
kikipungua kati ya visogo vya watu.
Ningeita. Pana kelele pale, lakini ningeita.
Sauti nilikuwa nayo. Sijui niliipeleka wapi.
Hakugeuka. Angegeukia nini?

"Mbona kimya leo?" kasema Salha.
Koti lipo kabatini, nyuma ya ufagio.

"Irudishe nyuma kidogo," nikamwambia.
"Hapana, zaidi.
Pale anapoiruka kamba."